Mwenye Gari, Aliyepanda na Aliyebaki: Historia ya Gari katika Filamu za Afrika Mashariki kwa Mtazamo wa Bweyeye, Rwanda

Ikisiri

Historia ya magari maarufu ya filamu imezoeleka kusimuliwa kama historia ya bidhaa: aina ya gari, kasi yake na bei yake mnadani. Makala haya yanapendekeza njia nyingine, inayotokana na mahali ambapo kufika kwa gari kulikuwa jambo la kusubiriwa. Yakiitumia Bweyeye, tarafa ya Wilaya ya Rusizi iliyo pembezoni mwa msitu wa Nyungwe, kama kituo cha kutazamia, makala yanachunguza magari ya filamu za ukanda huu kuanzia lori la sinema la miaka ya 1930 hadi filamu kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kila gari linaulizwa maswali matatu: ni la nani, nani amepanda, na nani amebaki? Hoja kuu ni kwamba katika filamu za ukanda huu gari hupata umaarufu kwa sababu ya mpaka linaouchora kati ya anayeondoka na anayebaki, na kwamba kumbukumbu ya filamu haitoshi kuwa kumbukumbu ya umma bila kupimwa kwa ushahidi wa mahakama na wa mahali.

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi ya sinema duniani, magari machache yamepata hadhi ya waigizaji. Aston Martin DB5 ilitambulika na watazamaji wengi kupitia filamu Goldfinger ya mwaka 1964. Ford Mustang iliyoendeshwa na Steve McQueen katika Bullitt ya mwaka 1968 iliuzwa mnadani Florida, Marekani, Januari 2020, kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. DeLorean ya Back to the Future, filamu ya mwaka 1985, ilikuwa gari la kampuni iliyokwisha kufilisika, lakini sinema ikalifanya lisisahaulike. Katika mifano yote hii, umaarufu wa gari hutokana na mtu mmoja aliyeshika usukani, na mtazamaji hualikwa kutamani kukaa mahali pake.

Kipimo hicho hakifai kila mahali. Bweyeye iko kusini magharibi mwa Rwanda, katika eneo lililokuwa la mkoa wa Cyangugu, ikipakana na Burundi kwa upande mmoja na msitu wa Nyungwe kwa upande mwingine. Njia yake kuu ya kuingia na kutoka hupitia Pindura, njia panda iliyomo ndani ya msitu kwenye barabara kuu ya Huye hadi Rusizi. Kutoka Pindura hadi Bweyeye ni takriban kilomita 32, na kipande hicho kimewekwa lami katika miaka ya karibuni tu. Kabla ya hapo, mgonjwa, mzazi mtarajiwa, mwalimu na mfanyabiashara wa mazao waliipima siku kwa swali moja: je, leo gari litapita? Mahali pa namna hiyo, anayetazama gari si mwenye ndoto ya kulimiliki. Ni mtu aliyesimama kando ya barabara.

Makala haya hayadai kwamba Bweyeye ni mandhari ya filamu mashuhuri. Yanaitumia kama kituo cha kutazamia. Kutoka hapo, maswali matatu huja yenyewe: gari ni la nani, nani amepanda, na nani amebaki? Sehemu zinazofuata zinayatumia maswali hayo kwa mfuatano wa wakati, kisha zinaeleza maana yake kwa utafiti wa historia na kwa sera ya kumbukumbu.

2.0 Gari lililoleta sinema

Katika maeneo mengi ya vijijini ya Afrika Mashariki, gari la kwanza maarufu la sinema lilikuwa nje ya kiwambo, likikibeba kiwambo chenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika, uliojulikana kwa kifupi cha BEKE, uliendesha shughuli zake kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na kufadhiliwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Carnegie la New York, mradi huo ulitengeneza filamu kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Lori lililobeba mtambo wa umeme, projekta, kiwambo na sahani za santuri zenye maelezo kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo, lilizunguka vijijini katika makoloni kadhaa ya Uingereza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utawala wa Ubelgiji nao ulitumia magari ya sinema katika Kongo na Ruanda-Urundi, sambamba na wamisionari waliokuwa wakionyesha filamu katika parokia zao. Ingawa itikadi za tawala hizi zilitofautiana, utaratibu ulifanana. Gari liliingia jioni, likawasha mwanga ambao kijiji hakikuwa nao, likatoa mafundisho, kisha likaondoka na mwanga wake.

Kwa swali la umiliki, jibu ni wazi: gari lilikuwa la serikali au la misheni. Aliyepanda ni afisa, fundi na mfasiri. Aliyebaki ni mtazamaji, ambaye aliulizwa ameelewa nini lakini hakuulizwa angependa kuona nini. Hivyo basi, kabla ya gari kuwa mhusika wa filamu, tayari lilikuwa limeweka uhusiano usiolingana kati ya anayeonyesha na anayeonyeshwa. Uhusiano huo ndio uliorithiwa na filamu za baadaye, pale gari lenyewe lilipopanda juu ya kiwambo.

3.0 Hatari!: gari la mwindaji

Filamu iliyoyapa magari ya Afrika Mashariki umaarufu wa dunia ni Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1962. Picha zake za Afrika zilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, katika maeneo ya Arusha, Momella, Manyara na Ngorongoro. Jina lake ni neno la Kiswahili, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa filamu kubwa ya Marekani. Wahusika wake, wakiongozwa na John Wayne, ni kundi la wageni wanaokamata wanyama hai ili wauzwe kwa bustani za wanyama.

Katika filamu hiyo gari ni chombo cha kazi na ni jukwaa pia. Lori la kukamatia limefungiwa kiti nje, juu ya bawa la mbele, na mkamataji hukaa hapo akiwa na mti mrefu wenye kitanzi huku dereva akimfukuza twiga au kifaru kwa kasi uwandani. Mwanzoni kabisa mwa filamu, kifaru analishambulia gari na kumjeruhi mmoja wa kundi. Nguvu ya picha hizo imetokana na ukweli kwamba wanyama na mbio vilikuwa halisi, na waigizaji wenyewe walishiriki. Mpigapicha mkuu, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Lakini filamu hii iliandaliwa wakati Tanganyika ikielekea uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na ikafika kwenye majumba ya sinema mwaka uliofuata. Mtazamaji anayetafuta dalili ya mabadiliko hayo ndani ya magari ya Hatari! haipati kwa urahisi. Waafrika wamo: wanashika kamba, wanafunga mnyama, wanapanda nyuma ya lori. Usukani na kiti cha mbele ni vya wageni, na ndio waliobeba majina ya waigizaji wakuu. Mpangilio wa viti ni mpangilio wa utawala uliokuwa ukimalizika.

Haifai, hata hivyo, kuiona filamu hii kama kosa tupu. Imehifadhi sura ya mji wa Arusha na ya uwanda wa kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa sababu hiyo ni hati yenye thamani kwa mwanahistoria. Aidha, kazi inayoonyeshwa ilikuwepo kweli: ukamataji wa wanyama kwa biashara. Jambo la kuzingatia ni kwamba hati hiyo ilichukuliwa kutoka kiti cha mbele. Aliyebaki uwandani, vumbi lilipotua, hakupewa picha.

4.0 Gari kama hati: Fossey na mpaka wa mwaka 1967

Kutoka uwanda wa Arusha, sinema ya kimataifa ilihamia kwenye milima ya Virunga. Filamu Gorillas in the Mist, iliyoongozwa na Michael Apted na kutolewa mwaka 1988, ilimweka Sigourney Weaver katika nafasi ya mtafiti wa sokwe, Dian Fossey, aliyeuawa nchini Rwanda Desemba 1985. Filamu ilikazia mlima, sokwe na moyo wa mtafiti. Hata hivyo, katika maisha ya Fossey kulikuwa na gari lenye nafasi ya pekee, Land Rover aliyoipa jina la Lily.

Mwaka 1967, wakati wa machafuko mashariki mwa Kongo, wanajeshi walimshusha Fossey kutoka mlimani na kumweka Rumangabo. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwashawishi waliomshikilia wamruhusu kuvuka hadi Kisoro, Uganda, kwa kisingizio kwamba gari lake lilihitaji kusajiliwa na kwamba fedha za kulipia zilikuwa huko. Alivuka, hakurudi, na Septemba mwaka huohuo akaanzisha kituo cha Karisoke upande wa Rwanda.

Kisa hiki kidogo kina uzito kwa hoja ya makala haya. Kwa mgeni wa mwaka 1967, hati ya gari ilitosha kuwa sababu ya kufunguliwa njia. Miaka 27 baadaye, katika barabara za Rwanda, gari halikumwokoa mtu kama kitambulisho chake kilimtaja kuwa Mtutsi. Vitambulisho vyenye kutaja kabila vilianzishwa na utawala wa Ubelgiji katika miaka ya 1930 na vikaendelea kutumika hadi mwaka 1994. Kwenye kizuizi cha barabarani, swali la kwanza halikuwa gari ni la nani. Lilikuwa: aliyepanda ni nani?

5.0 Gari linaloondoka: filamu kuhusu mwaka 1994

Filamu nyingi kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi zilitolewa kati ya mwaka 2001 na 2007. Iliyotangulia ni 100 Days ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Nick Hughes na kuzalishwa na Mnyarwanda Eric Kabera, ikipigwa picha Kibuye, kandokando ya Ziwa Kivu. Zilifuata Hotel Rwanda ya Terry George (2004), Sometimes in April ya Raoul Peck (2005), Shooting Dogs ya Michael Caton-Jones (2005), na Shake Hands with the Devil ya Roger Spottiswoode (2007). Filamu hizi zinatofautiana kwa mtindo na kwa ukweli wake, lakini nyingi kati yake zinarudia taswira moja: gari linaloondoka.

Taswira hiyo imejengwa kwa uwazi zaidi katika Shooting Dogs, iliyopigwa picha katika eneo lenyewe la tukio, shule ya ufundi ya ETO huko Kicukiro, Kigali. Tarehe 11 Aprili 1994, wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya UNAMIR waliondoka shuleni hapo, wakiwaacha takriban watu 2,000 waliokuwa wamekimbilia ulinzi wao. Wengi wao waliuawa siku hiyohiyo baada ya kuswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro. Katika filamu, malori ya Umoja wa Mataifa yanapita katikati ya watu wanaoyakimbilia. Baadaye padri anajaribu kuwatoa watoto wachache akiwa amewaficha nyuma ya lori, na anasimamishwa kizuizini. Magari mawili yanawekwa sambamba: moja lina bendera, silaha na njia iliyo wazi, na halimbebi anayehitaji, jingine limebeba wanaohitaji, na halina njia.

Sometimes in April inalipeleka swali hilo ndani ya familia. Mhusika Honoré, mtangazaji wa redio ya chuki, anajaribu kuwapitisha mke na watoto wa ndugu yake kwa gari hadi hotelini. Jina lake na gari lake havitoshi kizuizini. Hotel Rwanda nayo ina matukio mawili ya magari yanayokumbukwa na watazamaji wengi: gari la hoteli linalotikisika alfajiri katika ukungu, hadi dereva anapogundua kuwa linapita juu ya maiti, na msafara wa malori ya Umoja wa Mataifa unaoshambuliwa ukielekea uwanja wa ndege. Tukio la pili lina msingi wa kihistoria, kwani tarehe 3 Mei 1994 msafara uliowatoa watu katika hoteli ya Mille Collines ulizuiwa na abiria wake wakapigwa.

Nyuma ya picha hizo kuna historia ya magari ambayo haikuingia kikamilifu katika filamu. Tarehe 21 Aprili 1994, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza UNAMIR hadi watu wapatao 270. Lilipobadili msimamo tarehe 17 Mei kwa azimio namba 918, kikosi kipya kilihitaji magari ya deraya. Marekani ilikubali kutoa magari 50, lakini mazungumzo kuhusu masharti ya kuyakodisha, rangi yake na usafirishaji yalichukua wiki nyingi, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa imekwisha kutendeka kabla ya magari hayo kuweza kutumika. Kamera haiwezi kwa urahisi kupiga picha ya gari ambalo halikufika. Ni kazi ya mwanahistoria kuliweka katika simulizi.

Kwa Cyangugu, magari yaliyofika yalikuwa ya Ufaransa. Kuanzia tarehe 23 Juni 1994, wanajeshi wa Opereshini Turquoise walivuka kutoka Bukavu na kufika katika kambi ya Nyarushishi, walikokuwa maelfu ya Watutsi. Eneo walilolisimamia lilijumuisha Cyangugu, Gikongoro na sehemu ya Kibuye, pamoja na msitu wa Nyungwe katikati yake. Tarehe 27 Juni, kikundi cha wanajeshi hao kilikutana na manusura katika vilima vya Bisesero, huko Kibuye. Watu walitoka mafichoni kwa sababu waliona magari. Wanajeshi waliahidi kurudi, wakaondoka, na msaada ukafika tarehe 30 Juni. Katika siku hizo tatu, wengi wa waliojitokeza waliuawa. Filamu ya Alain Tasma ya mwaka 2007, Opération Turquoise, imeijenga drama yake juu ya opereshini hiyo. Bisesero inaonyesha jambo lililo gumu kuliko kuachwa: gari linaweza kumdhuru mtu kwa kumfanya aamini kwamba ameonekana.

6.0 Gari mahakamani

Mji wa Arusha, uliokuwa mandhari ya Hatari!, ulirudi katika historia ya magari kwa sura nyingine kabisa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa kwa azimio namba 955 la Novemba 1994, iliweka makao yake mjini humo na kufanya kazi hadi Desemba 2015. Mbele yake, gari liliacha kuwa taswira na likawa kielelezo cha ushahidi.

Mfano ulio wazi ni kesi ya Alfred Musema, aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu. Katika hukumu ya tarehe 27 Januari 2000, mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari kuhusiana na mashambulizi ya Bisesero, na kumhukumu kifungo cha maisha. Mashahidi walieleza kuhusu Pajero nyekundu aliyokuwa akiitumia na kuhusu magari ya Daihatsu ya kiwanda yaliyobeba washambuliaji. Mahakama ilipima rangi, aina, maandishi ya kiwanda, umbali na mwanga, na ikailinganisha safari iliyodaiwa na utetezi wake kwamba alikuwa kwingine. Magari yaliyonunuliwa kubeba majani ya chai yalibeba wauaji, na hilo lilithibitishwa kwa maelezo ya watu waliokuwa wamejificha kando ya njia. Aliyebaki ndiye aliyekuwa shahidi.

Kesi ya pili inalihusu moja kwa moja eneo la Cyangugu. André Ntagerura, waziri wa uchukuzi na mawasiliano mwaka 1994, alishtakiwa pamoja na aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Cyangugu, Emmanuel Bagambiki, na afisa wa jeshi, Samuel Imanishimwe. Tarehe 25 Februari 2004, Ntagerura na Bagambiki waliachiwa huru na Imanishimwe akatiwa hatiani. Rufaa ya upande wa mashtaka dhidi ya walioachiwa ilishindwa mwaka 2006. Hukumu hiyo iliwaumiza manusura wengi, lakini ina funzo la mbinu. Kuwa na mamlaka juu ya magari ya nchi hakukutosha kuthibitisha hatia. Ilibidi kuonyeshwe gari gani, siku gani, likiwa na nani na kwa amri ya nani.

Hapa ndipo filamu na historia zinapoachana. Filamu inaweza kulifanya lori moja liwakilishe malori yote. Mahakama haiwezi, na mwanahistoria naye asiweze kirahisi. Watunga sera wanaotumia filamu kufundishia vijana wana wajibu wa kuieleza tofauti hiyo, ili kijana asije akadhani kwamba alichokiona ndicho kilichothibitishwa, wala kwamba kisichothibitishwa hakikutokea.

7.0 Barabara ya Nyungwe

Barabara inayofika Pindura, kabla ya kushuka kwenda Bweyeye, imepata sura yake yenyewe katika historia hii. Desemba 2018, magari ya abiria yalishambuliwa na kuchomwa moto katika eneo la Kitabi, kwenye ukingo wa mashariki wa Nyungwe, na watu walipoteza maisha. Shambulio hilo lilihusishwa na kundi la FLN, tawi la kijeshi la muungano wa MRCD, ambao Paul Rusesabagina alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Rusesabagina ndiye meneja wa hoteli ambaye Hotel Rwanda ilimfanya ajulikane duniani.

Mwezi Septemba 2021, Mahakama Kuu ya Rwanda ilimtia hatiani kwa makosa yanayohusiana na ugaidi na kumhukumu kifungo cha miaka 25. Yeye alikana kuhusika na mashambulizi dhidi ya raia, na alijitoa katika kesi akidai haitakuwa ya haki. Marekani ilitangaza mwaka 2022 kwamba alishikiliwa isivyo halali. Machi 2023 kifungo chake kilipunguzwa kwa uamuzi wa rais, naye akaachiwa. Mjadala kuhusu mtu huyo, na kuhusu kiasi ambacho filamu ilimsimulia kwa ukweli, umegawanya wasomi, manusura na serikali, na si lengo la makala haya kuutolea hukumu.

Linaloihusu makala haya ni umbo la kumbukumbu. Mamilioni ya watu duniani wanaujua msafara wa malori wa Hotel Rwanda, ambao sehemu kubwa ya filamu yake ilipigwa picha Afrika Kusini. Ni wachache nje ya Rwanda wanaojua kuhusu abiria wa Nyungwe. Kesi ilipofunguliwa, vyombo vingi vya habari vya nje vilianza na jina la filamu, kisha mshtakiwa, na waliokuwa ndani ya magari wakaja mwisho, kama walikuja. Mtu anaweza kuamini hukumu ile au kuikataa. Katika hali zote mbili, umaarufu wa gari la kwenye filamu haupaswi kumfunika abiria wa gari la kwenye barabara. Kwa mkazi wa Bweyeye, ambaye hana budi kuupita msitu uleule akienda hospitali au sokoni, hili si suala la nadharia. Usalama wa barabara hiyo ndio upana wa dunia yake.

8.0 Gari kwa jicho la wenyeji

Je, sinema iliyotengenezwa na Waafrika Mashariki wenyewe imelitazama gari kwa namna tofauti? Mifano miwili inaashiria hivyo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, inamfuata kijana Mwas kutoka kijijini hadi Nairobi, ambako ndoto yake ya uigizaji inakutana na genge la wezi wa vipuri. Gari katika filamu hiyo halipigwi picha kama kitu kizima cha kutamaniwa. Ni taa, vioo na magurudumu yanayong'olewa usiku na kuuzwa mchana. Mtazamaji analiona gari kutoka chini, kwa jicho la asiye na lake, na kwa mara hii aliyebaki kando ya barabara ndiye mhusika mkuu.

Mfano wa pili uko Rwanda. Tangu mwaka 2005, Tamasha la Filamu la Rwanda, lililoasisiwa na Eric Kabera, limekuwa na sehemu ya kuzunguka iitwayo Hillywood, jina linalotokana na vilima vya nchi hiyo. Kiwambo cha kujazwa upepo hupakiwa garini na kusimamishwa kwenye viwanja vya vijijini, na filamu zikiwamo za Wanyarwanda huonyeshwa kwa wasioweza kufika kwenye ukumbi. Kwa mtazamo wa nje, ni lori lilelile la mwaka 1935. Tofauti ni kwamba anayeonyesha na anayeonyeshwa wanatumia lugha moja, na kilichomo kwenye kiwambo ni maisha yao. Gari la sinema limerudi, na safari hii mwenye gari ni jirani.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba kutoka Vugiri hadi Kicukiro, na kutoka Momella hadi Nyungwe, gari la filamu katika ukanda huu limekuwa chombo cha kuwatenganisha watu: wa mbele na wa nyuma, wa ndani na wa nje, wa kuokolewa na wa kuachwa. Sinema ya kimataifa imelisimulia mara nyingi kutoka ndani. Ushahidi wenye uzito zaidi, kama kesi ya Musema ilivyothibitisha, ulitoka kwa waliokuwa nje. Mapendekezo manne yanatokana na hoja hiyo.

Kwanza, pale filamu zinapotumika katika kufundishia historia ya mwaka 1994, ziambatane na dondoo za hukumu na ushuhuda zinazohusu tukio lilelile, ili mwanafunzi ajifunze kutofautisha taswira na ushahidi. Pili, kumbukumbu za Mahakama ya Arusha na za mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, zitafitiwe kwa jicho la usafiri: magari ya viwanda, ya halmashauri, ya parokia na ya majeshi, mwendo wake na waliokuwamo. Historia hiyo ya vyombo vya usafiri bado haijapewa nafasi yake. Tatu, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017 na ni lugha ya kazi ya ukanda mzima, filamu za Wanyarwanda zipewe manukuu ya Kiswahili, zivuke mipaka bila kusubiri mkalimani wa mbali. Nne, sinema ya kuzunguka ifikishwe kwanza katika tarafa za pembezoni kama Bweyeye, na ije na vinasa sauti pamoja na kiwambo, ili irudi na masimulizi ya waliotazama.

Wahenga walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Kumbukumbu ya taifa inayotegemea filamu za wengine husafiri kwa nyota isiyo yake. Lami imeshafika Bweyeye, na magari yanapita. Kilichobaki ni kuwauliza waliosimama kando ya barabara kwa miaka yote hiyo waliona magari gani, yakiwa na nani, yakielekea wapi, na kuyaandika majibu yao wangali hai.